Kuruka hadi fanksheni ilipoandikwa, na kurudi ulikotoka: Vim, Emacs, VS Code, Geany (uzi mrefu)

FundiMsimbo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani nyuzi za kubishana edita (programu ya kuandikia msimbo) ipi ni bora hazikauki. Watu wanavutana kuhusu rangi za skrini na aina za herufi hadi usiku wa manane. Jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo yote haliguswi: uko katikati ya faili, umekutana na `kokotoa_riba(deni, miezi)`. Unafikaje pale fanksheni hiyo ilipoandikwa? Na ukishaisoma, unarudije kwenye mstari uleule uliokuwa unausoma?

Wengi ninaowaona kazini wanasogeza ukurasa juu na chini mpaka macho yaikute, au wanatafuta jina kwa Ctrl-F. Hiyo ya pili inakuletea kila mahali fanksheni inapoitwa, na wewe ulitaka mahali pamoja tu, pale ilipozaliwa. Ukija kuifikia, umeshasahau swali lililokupeleka.

Msimamo wangu ni huu, na ndio sababu ya kuandika: jifunze kurudi kabla hujajifunza kwenda. Kusoma msimbo wa mtu mwingine ni kuzama. Fanksheni ya kwanza inaita ya pili, ya pili inaita ya tatu iliyo kwenye faili jingine, ya tatu inaita maktaba. Asiye na njia ya kurudi hatua kwa hatua anaogopa kuzama, kwa hiyo anakisia. Anasoma jina la fanksheni, anaamini inafanya kile jina linachosema, anaendelea. Hitilafu nyingi sana zinajificha hapohapo, kati ya jina na kile kinachofanyika kweli.

Naanza na Vim kwa sababu ndiyo ninayoitumia, na kwa sababu wazo lenyewe lilikulia kwenye ukoo wake. Programu ya `ctags` iliandikwa na Ken Arnold pale Berkeley, ikaja na BSD Unix pamoja na `vi` ya Bill Joy, mwishoni mwa miaka ya 1970. Inapitia mafaili yako yote ya msimbo, inaokota majina ya fanksheni, inayaandika kwenye faili moja linaloitwa `tags`. Fungua faili hilo ulitazame, utaona mistari kama huu:

    kokotoa_riba	src/mkopo.c	/^double kokotoa_riba(double deni, int miezi)$/;"	f

Jina, kisha faili, kisha kile kilicho katikati ya mikwaju miwili. Hapo ndipo penye akili. Haikuandikwa namba ya mstari. Imeandikwa amri ya kutafuta mstari wenye maneno hayo. Ukiongeza mistari kadhaa juu ya fanksheni, namba ingekuwa imeshakupotosha, lakini amri ya kutafuta bado inakufikisha. Ile `f` ya mwisho inasema kitu hiki ni fanksheni. Na kwa kuwa majina yamepangwa kialfabeti, Vim haina haja ya kusoma faili zima: inalikata katikati, inaangalia jina liko upande gani, inakata tena. Ndiyo maana hata faili la tags la mradi mkubwa mno linajibu papo hapo.

Kwenye folda kuu ya mradi andika:

    ctags -R .

Kisha kwenye `.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim:

    set tags=./tags;,tags

Nukta-mkato iliyo katikati msiipuuze. Ndiyo inayoiambia Vim: kama hulioni faili la tags kwenye folda la faili hili, panda folda la juu, na la juu yake, mpaka ulipate. Bila hiyo, ukiwa ndani kabisa ya folda ndogo unaambiwa tagi (mstari wa jina hilo kwenye faili la tags) haipo wakati ipo.

Sasa weka kishale juu ya jina, bonyeza `Ctrl-]`. Umefika. Soma. Ukikuta jina jingine, bonyeza tena `Ctrl-]`. Ukitosheka, `Ctrl-T`, unarudi hatua moja. Tena `Ctrl-T`, hatua nyingine. Vim inaweka rundo la safari zako, na `:tags` inakuonyesha rundo lote: ulitoka faili gani, mstari wa ngapi, ukaenda wapi. Rundo linabeba safari 20, na kila dirisha la Vim lina rundo lake. Hilo la mwisho lina faida kubwa: `Ctrl-W ]` inagawa dirisha na kufungua fanksheni huko, wewe unabaki na la kwanza bila kuguswa.

Usichanganye `Ctrl-T` na `Ctrl-O`. `Ctrl-O` inarudi nyuma kwenye kila mruko mkubwa, ikiwemo ulipotafuta neno au ulipoenda mwisho wa faili. `Ctrl-T` inafuata tagi peke yake. Ukiwa umezama fanksheni tatu ndani, na humo ukatafutatafuta maneno, `Ctrl-T` inakurudisha moja kwa moja kwa aliyekuita. `Ctrl-O` itakupitisha kwanza kwenye vituo vyote hivyo vya kutafuta.

Jina likiwa limeandikwa sehemu zaidi ya moja, tumia `g Ctrl-]`. Ikiwa moja inaruka, zikiwa nyingi inakupa orodha uchague.

Karibuni na wa edita nyingine.

---

Mgeni_wa_Jiji

Mkuu shukrani, uzi umekuja wakati wake. Laptopu yangu ni ya RAM GB 4. VS Code yenyewe inafunguka, lakini nikiwasha ile plagini ya lugha, feni inaanza kupiga kelele na kishale kinaganda. Hii ctags yako inakula kiasi gani? Na je, inataka intaneti? Bando nalo ndiyo hivyo tena.

---

FundiMsimbo

Mkuu, hii ndiyo njia yako hasa.

Ctags haikai nyuma ikikusubiri. Unaiita, inasoma mafaili, inaandika `tags`, inafunga na kuondoka. Kumbukumbu inayotumika baada ya hapo ni ya edita yako tu. Intaneti unaihitaji siku ya kuisakinisha, basi:

    sudo apt install universal-ctags

Chukua hiyo Universal. Ile iliyojulikana zamani, Exuberant Ctags ya Darren Hiebert, ilifanya kazi nzuri sana, lakini toleo lake la mwisho, 5.8, ni la 2009. Universal ni muendelezo wa msimbo uleule na inajua lugha nyingi zaidi. Mwenye Mac aangalie: ctags inayokuja na mashine ni ile ya asili ya BSD, haijui hata `-R`. Ukiona inakugomea kwa herufi hiyo, sakinisha Universal.

Jambo la pili, zuia folda ambazo si zako:

    ctags -R --exclude=node_modules --exclude=vendor --exclude=.git .

Ukiacha `node_modules` iingie, kila jina la kawaida kama `get` au `init` litakuletea orodha isiyoisha. Ila kuna wakati unataka kuingia ndani ya `vendor` kusoma maktaba inafanya nini. Mimi natengeneza faili la pili la tags kwa ajili ya `vendor`, nalitaja mwishoni kwenye `set tags`. Vim inafuata mpangilio ule ulioandika.

Tags zinazeeka. Fanksheni uliyoandika leo haimo mpaka uendeshe ctags tena. Kama unatunza historia ya msimbo kwa Git, dawa yake ni kuweka amri hiyo kwenye `.git/hooks/post-commit` na `post-checkout`, iwe inajiendesha yenyewe kila unapohifadhi kazi au kubadili tawi. Na jina `tags` liandike kwenye `.git/info/exclude`, hapo halitaingia kwenye repo ya wenzako.

Kama hutaki Vim, jaribu Geany. Ni nyepesi, na msomaji wake wa majina umetokana na ctags hiyohiyo. Upande wa kushoto ina orodha ya fanksheni zote za faili, na `Ctrl+T` inakupeleka fanksheni ilipoandikwa. Kurudi ni `Alt` na mshale wa kushoto. Ina kikomo kimoja cha kukijua mapema: kwa kawaida inajua majina yaliyo kwenye mafaili uliyoyafungua. Faili likiwa halijafunguliwa, haitaliona. Kwa mradi wa mafaili machache yafungue yote asubuhi, uendelee na kazi.

---

BintiEmacs

Nimesoma yote. Upande wetu wa Emacs mambo ni haya.

`M-.` inakwenda, `M-,` inarudi (kwetu `M` ni kitufe cha Alt, `C` ni Ctrl). Nasisitiza hiyo ya kurudi maana mafunzo mengi ya zamani mtandaoni bado yanasema `M-*`. Ilikuwa hivyo kweli, lakini tangu Emacs 25 ya mwaka 2016 mfumo mzima ulihamia `xref`, na kurudi kukawa `M-,`. Kuanzia Emacs 29 kuna hata kwenda mbele tena baada ya kurudi, `C-M-,`. Mtu akikufundisha `M-*` ujue anasoma kitabu cha zamani.

Faili letu ni `TAGS` kwa herufi kubwa, na muundo wake ni tofauti na wa Vim. Ctags ya Universal inalitengeneza ukiongeza `-e`:

    ctags -e -R .

Mara ya kwanza ukibonyeza `M-.` Emacs itakuuliza faili la TAGS liko wapi. Ionyeshe, imekwisha. `M-?` inakwenda upande mwingine: badala ya ilipoandikwa, inakupa inapotumika.

Kinachonipendeza mimi zaidi ni kutembea ndani ya faili moja. `C-M-a` inakupeleka mwanzo wa fanksheni uliyomo, `C-M-e` mwisho wake, `C-M-h` inaichagua yote. Sina haja ya kutumia panya kabisa. Na kwenye faili refu kuna `M-x imenu`: andika herufi chache za jina, unafika. Emacs 29 imeiwekea `M-g i`. Ukiwasha `which-function-mode`, jina la fanksheni uliyomo linakaa chini ya skrini muda wote. Kwa mtu anayesoma fanksheni ya mistari mia tatu ya mtu mwingine, hilo peke yake linapunguza kupotea.

---

Javaman254

Salamu kutoka Kenya, wakubwa. Mimi nina swali la Java. Nasoma msimbo wa OpenMRS, ule mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao Eldoret walianza kuutumia tangu 2006. Nataka kuchangia huko. Natumia VS Code. Nikiona:

    Context.getPatientService().getPatientByUuid(uuid)

nabonyeza F12 juu ya `getPatientByUuid`, napelekwa kwenye faili `PatientService.java`, na hapo hakuna kitu. Jina na maelezo tu, mwili haupo. Sasa kazi yenyewe inafanyika wapi?

---

Mzee_wa_Seva

Javaman, F12 imekujibu sawasawa na ulivyouliza. Uliuliza jina hili limetangazwa wapi, na limetangazwa kwenye intafesi, yaani orodha ya majina ya methodi bila miili yake. Swali lako halisi ni lingine: nani anaitekeleza? Hilo lina kitufe chake, `Ctrl+F12`. Kwenye IntelliJ ni `Ctrl+Alt+B`, wakati `Ctrl+B` ni ya lile la kwanza.

Twende pamoja kwenye mfano wako huohuo, maana ni mzuri.

Uko kwenye `PatientService`, intafesi. `Ctrl+F12` inakupeleka `PatientServiceImpl`. Huko mwili upo, lakini utaukuta mfupi: unaita `dao.getPatientByUuid(uuid)` na kurudisha jibu. Bonyeza F12 juu ya hiyo, unaangukia intafesi nyingine, `PatientDAO`. Tena `Ctrl+F12`, ndipo unafika `HibernatePatientDAO`, mahali hifadhidata inapoulizwa kweli. Safari moja, vituo vinne. Nani aliyesema `dao` hiyo iwe ya Hibernate, maktaba ya kuongea na hifadhidata? Hakuna mstari wa Java wa kawaida utakaokuonyesha. Spring, mfumo wa Java wa kuunganisha vipande vya programu, ndiyo inayowaunganisha wakati mfumo unawaka, kwa hiyo mwenye kutaka kujua hilo asome mipangilio ya Spring, asitegemee kitufe.

Rudi: kwenye Windows ni `Alt` na mshale wa kushoto, kwenye Linux ni `Ctrl+Alt+-`. Ibonyeze mpaka ufike kule ulikoanzia. Mleta uzi yuko sahihi kabisa, bila hiyo safari ya vituo vinne inakuchosha na unaishia kufungua vichupo vingi mpaka hujui kipi ni kipi.

Pia kuna `Alt+F12`, au `Ctrl+Shift+F10` kwa Linux, inafungua kidirisha kidogo palepale bila kukuhamisha. Kwa fanksheni fupi naipendelea hiyo. Nasoma, nabonyeza Esc, nabaki nilipo.

Niseme kidogo kwa nini VS Code inajua haya na ctags haijui. Ctags inasoma maandishi na kuokota majina. Haielewi aina za vitu, kwa hiyo haiwezi kujua `dao` hapa ni ya klasi gani. VS Code yenyewe nayo haielewi Java. Nyuma yake kuna seva ya lugha, programu nyingine kabisa inayosoma mradi wako kama kompaila inavyosoma. Edita inaituma swali linaloitwa `textDocument/definition`: faili hili, mstari huu, herufi hii. Seva inajibu: nenda faili lile, mstari ule. Mistari inahesabiwa kuanzia sifuri, jambo linalowasumbua wote wanaoandika plagini kwa mara ya kwanza. Utaratibu huo, LSP (Language Server Protocol), ulitangazwa na Microsoft pamoja na Red Hat na Codenvy mwezi Juni 2016. Kabla yake kila edita ilikuwa inaandika uelewa wake wa kila lugha peke yake. Sasa `clangd` moja, seva ya lugha za C na C++, inatumikia VS Code, Vim, Emacs na Kate, na `gopls`, `pyright` na `rust-analyzer` vivyo hivyo.

Mgeni_wa_Jiji, kelele za feni yako ni hiyo seva inasoma mradi mzima. Uelewa huo una gharama.

---

FundiMsimbo

Mzee_wa_Seva, maelezo yamenyooka. Naongeza kwa watu wa Vim: si lazima kubadili vidole. Neovim, edita iliyochipuka kutoka Vim, tangu 0.8 ikishaunganishwa na seva ya lugha, `Ctrl-]` ileile inaiuliza seva kwanza, na `Ctrl-T` inarudi kama kawaida. Toleo 0.11 limeweka `gO` kwa orodha ya fanksheni za faili, `grr` kwa mahali inapotumika, `gri` kwa anayetekeleza. Emacs nayo imebeba Eglot, kiunganishi chake cha seva za lugha, ndani yake kuanzia 29, na `M-.` inabaki `M-.`. Hili nalithamini sana. Vidole vinajifunza mara moja, injini inabadilika chini yake.

---

MtuwaPHP

Nami nina kero. Laravel, ule mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP. Nabonyeza F12 kwenye `Cache::get('bei')` napelekwa kwenye klasi `Cache` ambayo haina fanksheni `get` hata moja. Nimetafuta `function get(` kwenye `vendor` zimekuja nyingi mno. Seva ya lugha ninayo, intelephense. Kwa nini haifiki?

---

Mzee_wa_Seva

Kwa sababu fanksheni hiyo haipo kwenye klasi hiyo, kaka. Angalia vizuri utakapofika pale: utaona maelezo yenye `@method static` yaliyowekwa juu ya klasi ili kuisaidia edita, na chini kuna fanksheni moja tu, `getFacadeAccessor`, inayorudisha neno `'cache'`. Klasi hiyo ni mlango. Ukiita `Cache::get`, PHP haipati `get`, inaangukia `__callStatic` iliyoandikwa kwenye klasi mama, `Facade`. Hiyo inachukua lile neno `'cache'`, inaomba kwa Laravel kitu chenye jina hilo, kisha inaita `get` juu ya kitu hicho. Yote yanatokea programu ikiwa inaendeshwa. Seva ya lugha inasoma tu, haiendeshi.

Kwa hali hii usibishane na edita. Iulize programu yenyewe. Fungua `php artisan tinker`, andika:

    get_class(Cache::getFacadeRoot())

Itakujibu `Illuminate\Cache\CacheManager`. Sasa una jina halisi. VS Code, `Ctrl+T`, andika `CacheManager`, ingia. Humo nako utakuta `__call` inayopeleka kazi kwa `Repository`. Tena `Ctrl+T`, ingia `Repository` ya `Illuminate\Cache`, na `get` uliyoitafuta iko pale ikiwa na mwili wake.

Kila lugha inayoruhusu kuita fanksheni kwa jina lililotengenezwa njiani, mfano `$this->$jina()`, itakuwa na mashimo haya. Mwandishi wa msimbo anayewajali watakaousoma anayapunguza.

---

MtuwaPHP

Nimeipata `get`. Mkuu ubarikiwe. Muda wote nilikuwa nadhani plagini ndiyo mbovu.

---

Punje_ya_Linux

Nimetia nanga tangu asubuhi, sasa nichangie la C, hasa kwa wanaojaribu kusoma kernel (kiini) ya Linux.

Usiendeshe `ctags -R` huko. Kernel ina amri zake: `make tags` kwa Vim, `make TAGS` kwa Emacs, `make cscope`. Tofauti si ndogo. Chukua `sys_read`. Ukitafuta fanksheni yenye jina hilo kwenye msimbo hutaiona mwili wake, kwa sababu kwenye `fs/read_write.c` imeandikwa hivi:

    SYSCALL_DEFINE3(read, unsigned int, fd, char __user *, buf, size_t, count)

Makro ndiyo inayotengeneza jina. Ctags ya kawaida haiwezi kuliotea. Lakini `scripts/tags.sh`, ambayo `make tags` inaiita, ina kanuni zinazosema: ukikutana na `SYSCALL_DEFINE` yenye `read` ndani, andika tagi `sys_read`. Hapo `:tag sys_read` inakufikisha palepale, na kutoka hapo `Ctrl-]` juu ya `ksys_read` inaendelea. Walioandika kanuni hizo wamewafikiria wasomaji, na nawashukuru kila ninapozitumia.

Cscope nayo isisahauliwe. Ilianzia Bell Labs, msimbo wake ukafunguliwa kwa umma 2000. Inajibu swali ambalo tags haziwezi: nani anaiita fanksheni hii? Ukitaka kubadilisha fanksheni ya kernel bila kujua wanaoiita, usiguse. Waliohamia Neovim wajue kuwa cscope iliondolewa ndani yake kwenye 0.9, kwa hiyo ama plagini, ama itumie yenyewe kwenye terminali, ama `clangd`. Kwa `clangd` unahitaji faili `compile_commands.json`. Kernel inalitengeneza kwa `make compile_commands.json`, na wenye CMake waweke `-DCMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON`. Bila faili hilo clangd inakisia tu, na utaona mistari myekundu kila mahali.

Na kwa aliye kwenye seva ya mbali, hana chochote isipokuwa `grep`? Mtindo wa GNU unaagiza jina la fanksheni likae mwanzo kabisa wa mstari, aina ya jibu ikae mstari wa juu yake:

    static char *
    concat (char *s1, char *s2)
    {

Wengi wanaona ni mtindo wa ajabu. Lakini andika `grep -n '^concat' *.c` uone. Inapoitwa, jina haliwi mwanzo wa mstari, kwa kuwa limesogezwa ndani. Kwa hiyo jibu ni moja tu, ilipoandikwa. Mwongozo wao unasema waziwazi kuwa hilo ni la kuwasaidia watu kutafuta fanksheni.

---

Mgeni_wa_Jiji

Nimeweka universal-ctags na Vim, inaruka vizuri, feni kimya. Swali moja: mleta uzi, ndani ya faili lilelile, `[[` na `]]` nimesoma kwamba zinakwenda fanksheni iliyotangulia na inayofuata. Kwenye C zinafanya kazi, kwenye faili langu la JavaScript zinanirusha mwisho wa faili. Kwa nini?

---

FundiMsimbo

Kwa sababu `]]` haijui fanksheni ni nini. Inatafuta bano `{` lililo mwanzo kabisa wa mstari. Kwenye C ya mtindo wa kernel bano la fanksheni linakaa mstari wake peke yake, kwa hiyo inafanya kazi. Kwenye JavaScript na Java bano linakaa mwisho wa mstari wenye jina, `]]` haioni kitu, inakwenda mpaka mwisho.

Msaada wa Vim wenyewe unatoa dawa, iko kwenye `:help [[`:

    map [[ ?{<CR>w99[{
    map ][ /}<CR>b99]}
    map ]] j0[[%/{<CR>
    map [] k$][%?}<CR>

Wazo la ya kwanza ndilo la kulielewa: tafuta `{` kwa kurudi nyuma, kisha panda mabano yote yaliyokuzunguka hadi la nje kabisa. Kwenye Java la nje kabisa ni la klasi, kwa hiyo huko tumia `]m` na `[m`, ambazo zimeundwa kwa ajili ya methodi zilizo ndani ya klasi. Python haina mabano, lakini Vim inakuja na mpangilio wake wa `]]` na `]m` kwa mafaili ya Python, huna la kufanya.

`gd` nayo ina udhaifu huohuo. Inatafuta kigeu kilipotangazwa ndani ya fanksheni, na mwanzo wa fanksheni inaupata kwa njia ya `[[`. Ukiona `gd` inakupeleka mahali pa ajabu kwenye JavaScript, chanzo ni hicho.

---

BintiEmacs

Na kabla hatujafika mbali, kuna swali lingine ambalo edita haitakujibu: fanksheni hii imebadilikaje mpaka kuwa hivi? Git inalijibu:

    git log -L :kokotoa_riba:src/mkopo.c

Inakuonyesha historia ya fanksheni hiyo peke yake, mabadiliko baada ya mabadiliko, bila kelele za faili zima. Natumia kila ninapokuta sharti la ajabu ndani ya fanksheni na sielewi liliwekwa kwa sababu gani. Mara nyingi ujumbe wa aliyeliweka unaeleza yote.

---

Javaman254

Dada, nimejaribu hiyo kwenye `PatientServiceImpl.java`, inasema haijapata kitu.

---

BintiEmacs

Git kwa kawaida inachukulia fanksheni ni mstari unaoanza na herufi mwanzo kabisa, kama C. Methodi za Java zimesogezwa ndani ya klasi, haizioni. Tengeneza faili `.gitattributes` kwenye mzizi wa repo, uweke:

    *.java diff=java

Iendeshe tena. Kwa Python ni `diff=python`, kwa PHP `diff=php`. Ukiweka hiyo, hata `git diff` ya kawaida itaanza kuandika jina la methodi kwenye ile mistari ya `@@`, badala ya jina la klasi kila mara.

---

Javaman254

Imekubali. Naona `getPatientByUuid` tangu ilipoanza. Ngoja nizisome zote, nikikwama narudi hapahapa.